Tupeane uzoefu: kumpa mtoto mdogo antibiotiki (Bukavu)

Mama wa Kadutu
Wamama na wababa, haya yalinipata mwenyewe msimu wa mvua uliopita. Kijana wangu alikuwa na miezi 9, kilo 8. Kikohozi, homa, na pumzi za mbio kama za mtu aliyepanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Muuguzi alimvua shati, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima: 56. Akanieleza kwamba mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayekohoa, pumzi zikifika 50, hiyo ni nimonia. Akaandika amoksisilini miligramu 250 asubuhi na 250 jioni, siku 5.

Farmasi wakanipa siro. Mtoto wangu mkubwa aliwahi kunywa dawa hiyohiyo, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa hiyo sikuuliza kitu. Siku ya 3 pumzi zilikuwa hazijapungua. Nikarudi na chupa mkononi. Muuguzi akaweka kidole kwenye karatasi ya chupa: miligramu 125 kwa mililita 5. Ile ya mkubwa ilikuwa 250 kwa mililita 5. Jina moja, boksi linafanana, nguvu nusu. Siku zote hizo mwanangu alikuwa anakunywa nusu ya dawa, na mimi ndiye niliyekuwa nampa, tena kwa saa zake, sikukosa hata mara moja. Tulianza upya, akapona.

Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta. Hapa hatulaumiani.

Baba wa Mapacha, Bagira
Pole sana mama. Yangu ni ya maji. Tulipewa dawa ya unga, ya kukoroga nyumbani. Nikamimina maji yote mara moja, nikatikisa kidogo, povu likafika kwenye mstari, nikafunga. Povu liliposhuka, dawa ilikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole, na mimi nimeshaanza kuwapa. Siku ya mwisho nilipoipindua chupa, nikakuta donge jeupe limeganda chini kama chokaa. Maana yake siku za kwanza watoto walikunywa maji matamu tu.

Sasa nafanya hivi: maji yamechemshwa na kupoa kabisa. Nagonga chupa kwanza ili unga uachane. Naweka maji nusu, natikisa mpaka chini pawe safi, nasubiri povu lishuke, ndipo najaza hadi mstarini. Na kila saa ya kunywa natikisa tena. Kama mwenye farmasi ana maji safi, namwomba aichanganye mbele ya macho yangu.

Yaya wa Nguba
Mimi niliumwa na kijiko. Nyumbani kwetu kuna vijiko vya chai vya aina tatu. Siku moja nilichukua sirinji isiyo na sindano nikavipima kwa maji: kimoja kilibeba mililita 3, kingine karibu 6. Na karatasi inasema 5! Tangu siku hiyo sirinji tu, na naiosha kwa maji moto kila mara. Mtoto namkalisha, namwekea dawa upande wa shavu kidogo kidogo, ameze kwanza ndipo niongeze. Kumziba pua na kummiminia kooni, jamani tuache, mtoto anapaliwa.

Bibi wa Panzi
Aksanti wanangu. Mimi nilikuwa mtu wa kutunza chupa zilizobaki. Mjukuu mmoja akipona, iliyobaki namwekea mwingine. Umeme ukikatika siku mbili, friji inakuwa kabati tu. Muuguzi alinionyesha maandishi: ikishachanganywa na maji, siro ile inadumu siku 7, kuna nyingine 14, na mara nyingi wanataka ikae penye baridi. Yangu ilikuwa na wiki sita. Ilikuwa imegeuka rangi. Niliimwaga, lakini moyo uliniuma kwa ajili ya wale niliokwisha kuwapa.

Muuguzi mstaafu, Ibanda
Bibi, usijihukumu, wengi wetu tumelelewa hivyo. Kwa tatizo hilo la umeme na la mstari wa maji, ulizeni vidonge vya amoksisilini vya watoto vinavyoyeyuka majini, vya miligramu 250. Shirika la Afya Duniani linavipendekeza kwa nimonia ya watoto wa chini ya miaka 5. Unaweka kidonge kwenye kijiko chenye maji safi kidogo au maziwa ya mama, kinayeyuka, mtoto anakunywa pale pale. Hakuna chupa ya kutunza.

Kipimo kinafuata kilo: mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 ni kidonge 1 asubuhi na 1 jioni, kilo 10 hadi chini ya 14 ni 2 na 2, kilo 14 hadi 19 ni 3 na 3. Lakini hapo mtoto amepimwa na imeonekana ni nimonia. Kikohozi cha mafua hakihitaji antibiotiki. Kuhara kwa maji maji vilevile: ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji) na zinki, si amoksisilini. Kukiwa na damu, mleteni. Na mtoto akitoka vipele au midomo ikivimba baada ya dawa, simamisheni dawa, mleteni mara moja, na iandikwe kwenye karte yake jina la dawa hiyo.

Dada wa Goma
Naongezea moja. Dada yangu mkubwa alipewa tetrasaiklini akiwa mdogo, antibiotiki inayoharibu rangi ya meno ya watoto, tena kapsuli ya watu wazima iliyofunguliwa na kugawanywa kwa macho. Meno yake ya kudumu yalitoka na michirizi ya kahawia. Hadi leo akicheka anaweka mkono mdomoni. Kapsuli za wakubwa zisigawanywe kwa watoto, nawaombeni.

Mama mpya, Essence
Samahani kuingilia. Wangu ana mwaka 1 na miezi 4, anakohoa siku ya 4 leo. Jirani amenipa nusu chupa yake ya amoksisilini. Nimpe?

Muuguzi mstaafu, Ibanda
Usimpe bado, mwanangu. Akiwa ametulia, mvue nguo, hesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake mpaka ni 40. Tazama pia chini ya mbavu, kama panaingia ndani akivuta pumzi. Ananyonya? Anakunywa? Ukiona pumzi 40 au zaidi, mbavu zinaingia, anakataa kunywa au anashikwa na degedege, usingoje asubuhi.

Mama mpya, Essence
Nimehesabu mara mbili, 32 na 33. Mbavu ziko sawa, ananyonya vizuri. Chupa nimemrudishia jirani, na nimemwonyesha tarehe aliyoichanganya.