Wajukuu wa Kibosho 🏔️: gumzo la gemu la Neema

Neema: jamani nimelimaliza lile gemu la kutafuta vitu, Enigmatis ile ya kwanza, The Ghosts of Maple Creek. jana nimeanza baada ya kuosha vyombo, leo hata chai ya saa nne sijanywa limeshaisha 😩

Goodluck Arusha: limeisha?? na si umelilipia

Neema: ndo hivo, kipande cha mwanzo bure, kikikunogea unalipa mara moja unafunguliwa lote. sasa kimeninoga nifanyeje

Goodluck Arusha: aisee hela ya bando zima iishe usiku mmoja, mi hapana

Shangazi Felista: Hadithi yenyewe ikoje kwanza

Neema: shikamoo anti. kuna mpelelezi mwanamke kaenda kamji ka milimani huko Vermont Marekani kumtafuta binti aliyepotea, sasa mwenyewe kapoteza kumbukumbu hajui hata alishagundua nini, kwa hiyo unaokota ushahidi unabandika ubaoni, picha hii na karatasi ile zinaendana au haziendani, ukipatia ndo unaelewa kilichotokea. hapo ndo palinishika, maana gemu nyingi za hivi hadithi ni urembo tu, unapewa lundo la makorokoro utafute mkasi na bata humo, basi

Shangazi Felista: Marahaba. Mimi nilianza nazo kwenye kompyuta ya ofisi, Mystery Case Files Huntsville ya 2005. Ile saa inakimbia pembeni, ukibonyeza ovyo ovyo unakatwa muda, na bosi akipita tunafungua Excel haraka. Nyie siku hizi mnadekezwa, hinti moja kitu kinang'aa chenyewe

Neema: anti hinti nayo ukishaitumia unasubiri ijae, na ukichagua ngazi ngumu inajaa kama ndoo kwenye bomba letu la nyuma 😂

Goodluck Arusha: sifa tumesikia, leta ubaya

Neema: upo. picha wamechora vizuri mno, ukungu, miti, nyumba za mbao, sasa uzuri huohuo kwenye simu yangu ni mateso, kitu cha kahawia juu ya mbao za kahawia, nimesogeza simu mpaka puani, hicho hakijafichwa kimefutwa!! nikaazima tableti ya mama ndo nikaanza kuona

Neema: halafu zile akili za gemu hizi zote, una kisu mkobani, umekata kamba moja kikatoweka, mbele kidogo kamba nyingine unaambiwa katafute kitu cha kukatia. MAE! si nilikuwa nacho

Goodluck Arusha: 😂😂😂

Bamkubwa Aloyce: Habari za leo wanafamilia. Nakumbusha mchango wa kipaimara. Mpaka sasa waliotoa ni walewale.

Neema: shikamoo bamkubwa, natuma kesho asubuhi 🙏

Goodluck Arusha: shikamoo bamkubwa, na mimi

Bamkubwa Aloyce: Marahaba. Kesho ipi.

Goodluck Arusha: mi nabaki na June's Journey yangu, ya wale Wooga wa Berlin, ipo toka 2017 na haijaisha hadi leo, na ni bure

Shangazi Felista: Bure gani Goodluck. Nilikuwa nayo nikaifuta. Unapekua chumba kilekile tena na tena upate nyota, nguvu zikiisha usubiri au utoe hela, halafu eti upambe kisiwa. Dada wa huyo June kauawa, mimi napanda maua??

Goodluck Arusha: ila maua yanatoka poa anti 😂

Shangazi Felista: Nyoo. Hilo la Neema kalipa mara moja, kamjua mwovu, kalala. Wewe tangu mwaka juzi uko na June na hujui kitu

Neema: kweli anti, ila mi fupi sio shida yangu, shida mwisho wameukimbiza. nilivyokuwa nakusanya vikaratasi kwa utulivu wote ule nilitaka na mwisho nikae nao kidogo. na kurudia huwezi, ukishajua vitu vilipo utamu wote kwisha, kwa hiyo kwa bei ile ningeshauri msubiri punguzo

Goodluck Arusha: kwani halina muendelezo

Neema: zipo mbili, The Mists of Ravenwood na The Shadow of Karkhala, watengenezaji ni walewale, Artifex Mundi wa Poland. mwovu wa kwanza mnaendelea naye, ndo maana usikubali akwambie mtu ni nani

Goodluck Arusha: basi mwisho wa mwezi nalichukua hilo la kwanza, na asiniharibie mtu humu

Shangazi Felista: Mimi nimeshashusha kipande cha bure mkiwa mnabishana. Huyo mwovu mbona nishamjua, ni yule

Goodluck Arusha: ANTIIIII

Shangazi Felista: *Ujumbe huu umefutwa*

Bamkubwa Aloyce: Mimi nimeshausoma.