Mikanda ya usalama tumeletewa, pa kuifunga hakuna. Jumatatu tupande au tugome?

Mpauaji wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua kazi za juu.

Tunapaua ghorofa huku Uyole, mimi ndiye kiongozi wa genge, nina vijana wanne. Kenchi (fremu za mbao za paa) zimeshasimama, Jumatatu tunaanza kupiga papi (mbao za kushikia bati) halafu bati. Kwa nje, kutoka usawa wa paa mpaka chini ni kama mita 10. Mkandarasi kaleta mikanda ile ya kuvaa mwili mzima, kamba yake karibu mita 2. Nikamuuliza msimamizi tunaifunga wapi, akajibu, "Popote tu, hata kwenye jukwaa." Jukwaa lenyewe ni mirunda ya mkaratusi iliyopigwa misumari ikiwa mibichi.

Asubuhi kuna ukungu, bati linalowa na kuteleza. Mchana upepo unalinyakua mkononi. Kazi naihitaji, ila sitaki kwenda kwa mama wa mtu kumpa habari mbaya. Tufunge wapi?

Nondo16
Kwenye jukwaa usifunge kabisa mkuu. Mkaratusi mbichi ukikauka unasinyaa na kupasuka, msumari unalegea. Shika mrunda mmoja uutikise, utausikia ukicheza. Kanuni za Marekani zinataka mahali pa kufungia pahimili karibu tani 2 na robo kwa kila mtu. Si kwamba mtu ana uzito huo. Wamehesabu mshtuko wa kamba inapokaza, na akiba juu yake. Papi haifiki huko. Mwambie mhandisi akuonyeshe nguzo ya zege au sehemu ya ringi bimu (boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta) ya kuzungushia kamba.

Kabwe Boy
Tumepaua miaka yote bila hiyo mikanda. Kamba inakunasa miguuni, ndiyo inayoangusha watu. Fundi mzoefu anajua anapokanyaga.

Mzee wa Kihesa
Kabwe Boy, uzoefu hauzuii papi yenye fundo kukatika. Ila kuhusu kamba kunasa miguu una hoja, ndiyo maana mimi mkanda siuweki mbele.

Mdogo wangu wa Uyole, umepima nje tu. Ndani je? Chini ya kenchi kuna slabu, yaani sakafu ya zege, mita 3 hivi. Sasa piga hesabu. Kamba mita 1.8. Kile kifuko cha kupunguza mshtuko kikifunguka, ongeza karibu mita 1. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo, mita 1 na nusu. Acha na akiba ya mita 1. Unahitaji zaidi ya mita 5 za uwazi chini ya ulipofunga! Ukifunga usawa wa miguu ukaangukia ndani, unaigonga slabu kamba ikiwa bado imelegea. Mkanda umevaa na mgongo umevunjika.

Kwa hiyo kwanza tandikeni mbao ndani, karibu kabisa na chini ya kenchi, mtu akiteleza aishie hapo hapo. Nje, jukwaa lifungwe upya, lishikizwe kwenye jengo, liwe na reli usawa wa mita 1 hivi, nyingine katikati, na ubao chini wa kuzuia nyundo isimwangukie mpita njia. Tajiri akilalamika gharama, mbao za Mafinga zimejaa hapo mjini, na kazi ikiisha zinabaki zake. Mkanda uje baada ya hayo, ufungwe juu ya kichwa inapowezekana.

Na bati lenye umande msilikanyage. Subirini likauke, hata kama ni saa nne.

Nesi wa Rungwe
Niongeze kaka zangu. Mtu akidakwa na mkanda bado yuko hatarini. Akining'inia bila kusogea, damu inabaki miguuni, anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Pangeni leo nani atamshusha na kwa ngazi ipi. Akiwa ameanguka chini, msimbebe kwa mikono na miguu mkamkunja kwenye bajaji. Shingo na mgongo vinyooke, alazwe juu ya ubao.

Mpauaji wa Uyole
Mungu awabariki. Hilo la slabu sikuliwaza kabisa. Nimeikagua mikanda sasa hivi: mmoja kifuko kimeachia, mshono wa ndani umefumuka na utepe unaning'inia. Unafaa kwa kazi nyepesi?

Nondo16
Haufai kwa lolote. Huo tayari ulishavutwa. Mwonyeshe msimamizi, kisha ukatwe vipande asije mwingine akauvaa.

Maombi yako ya mbao na mahali pa kufungia mtumie kwa ujumbe wa simu pamoja na picha, usiyaache mdomoni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambana mwajiri, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana ofisi ya kanda hapo Mbeya ukikwama. Muulize pia kama vijana wako anawachangia WCF, mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini. Mchango ule analipa mwajiri, kibarua hakatwi hata shilingi.

Mpauaji wa Uyole
Nimeshatuma. Kajibu mbao zinakuja Jumanne, kwa hiyo Jumatatu tutafumua jukwaa na kulifunga upya tukianzia chini. Paa litasubiri.