Nimebadili paswedi ya mashine ya kaunta, kompyuta zingine zote zimegoma kufungua folda

mama_steshenari
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Nina steshenari ndogo, kompyuta nne, printa iko kwenye mashine ya kaunta na kazi za wateja zote ziko humo kwenye folda ya KAZI. Dogo aliyekuwa ananisaidia kaacha kazi mwezi uliopita na yeye ndo aliyefunga kila kitu, paswedi zote anazo kichwani. Juzi nikaona bando linakata mapema kuliko kawaida nikashtuka, nikabadili paswedi ya waifai na ya mashine ya kaunta. Sasa leo asubuhi foleni mpaka mlangoni, nikifungua folda kutoka kompyuta zingine inasema jina au paswedi si sahihi, naandika zile namba nne ninazofungulia kila siku inakataa, nimeshinda nazunguka na flashi kama muuza kahawa. Windows 10. Nakosea wapi?

fundi_kebo
Pole mama. Hizo namba nne ni PIN, sio paswedi. PIN inafanya kazi kwenye mashine ileile tu, ukitokea kompyuta nyingine haitambuliki, andika paswedi yenyewe. Na kompyuta zako zingine tatu bado zimeshikilia paswedi ya zamani, ingia Control Panel, Credential Manager, Windows Credentials, utakuta jina la mashine ya kaunta, lifute, zima uwashe, ufungue folda upya.

kisiki_cha_mpingo
Si utoe paswedi kabisa yaishe, steshenari sio benki

fundi_kebo
@kisiki ndo itagoma zaidi sasa. Akaunti isiyo na paswedi Windows inakuruhusu ukiwa umekaa mbele ya mashine, ukija kwa netiweki inakufungia. Halafu steshenari ina sivii na kopi za vitambulisho vya mtaa mzima, unaachaje wazi?

dada_wa_seva
Mama, usiwape vijana akaunti yako ya admini. Kwenye kaunta fungua Command Prompt kama admini andika `net user kazi * /add`, hiyo inatengeneza akaunti mpya inayoitwa "kazi", itakuuliza paswedi mara mbili, herufi hazionekani unapoandika usije ukadhani kibodi imekufa. Kisha bofya kulia ile folda, Give access to, chagua huyo "kazi" tu. Siku kijana mwingine akiondoka unabadili hiyo moja, yako haiguswi.

Ruta je? Paswedi ya waifai na ya kuingilia kwenye ruta ni vitu viwili. Kama ya ruta hujaibadili, dogo akiomba ya waifai kwa mteja yeyote, anaingia kwenye ruta anafungua anachotaka. Na uangalie kama hakuacha AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, ile ina paswedi yake, ukibadili ya Windows yenyewe haina habari.

mama_steshenari
Asanteni sana wanangu. Kompyuta mbili zimekubali palepale, ya tatu ilisumbua mpaka nilipoandika jina la mashine kwanza, KAUNTA\kazi, ndo ikafungua. Ruta nimeigeuza, kibandiko cha nyuma kimeandikwa admin na admin, nikajaribu, ikafunguka!! Nimeshabadili. AnyDesk nayo ipo, tena imewekwa iwake yenyewe kila mashine ikiwashwa. Naitoaje?

dada_wa_seva
Chomoa kebo ya intaneti kwanza. Kisha Settings, Apps, itafute, Uninstall. Ukimaliza zima uwashe, hakikisha haijarudi.