Siku 45 za rufaa ya ardhi zimepita, tuingie Mahakama Kuu kwa mlango gani?

mkulima_wa_choroko

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaoujua utaratibu wa Mahakama Kuu kwenye kanda.

Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilitoa hukumu tarehe 3 Machi, mama mkubwa akashindwa. Shauri lilianzia hapo hapo barazani, halikutoka Baraza la Kata. Barua ya kuomba nakala za hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) ilipokelewa tarehe 6 Machi, nakala zikatolewa tarehe 28 Aprili. Leo ni tarehe 9 Mei. Aliyeshinda ameshaomba utekelezaji wa hukumu.

Anayetuandikia nyaraka ameshaandaa sababu saba za rufaa, anasema tuzisajili hivyo hivyo, jaji ataona kwamba ucheleweshaji haukuwa wetu. Ni sahihi? Na je, rufaa ikishasajiliwa, utekelezaji unasimama wenyewe?

---

Wakili_Kanda

Msisajili hiyo rufaa kwanza. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza mashamba yao.

Rufaa ya shauri lililoanzia Baraza la Wilaya inatakiwa iingie Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu tarehe ya uamuzi, kwa mujibu wa kifungu cha 41 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Siku ya hukumu haihesabiwi. Siku yenu ya kwanza ni 4 Machi, ya 45 ni 17 Aprili. Ingeangukia siku ambayo mahakama imefungwa, mngesogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Mkiingiza rufaa mwezi Mei bila ruhusa, mjibu rufaa ataleta pingamizi la awali kwamba imepitwa na muda, na hilo ni pingamizi halisi la kisheria, halihitaji ushahidi zaidi ya kalenda. Likikubaliwa, rufaa inatupiliwa mbali kwa kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Sikusema "inaondolewa". Shauri likiondolewa kwa kasoro, unarekebisha na kurudi. Likitupiliwa mbali kwa ukomo, Mahakama Kuu imemaliza nalo, na njia inayobaki ni kwenda juu, Mahakama ya Rufani. Tofauti hiyo ilishawekwa wazi tangu kesi ya Ngoni Matengo ya mwaka 1959, na bado watu wanaichukulia kama maneno mawili ya jambo moja.

Njia salama ni maombi ya kuongezewa muda. Kifungu hicho hicho cha 41 kinampa jaji mamlaka ya kuongeza muda, hata kama ule wa awali umekwisha, kukiwa na sababu nzuri na ya kutosha. Mnapeleka samansi ya chemba (waraka wa maombi kwa jaji) ikiambatana na hati ya kiapo. Ile rasimu ya rufaa iwekeni kabatini, zamu yake itafika.

Kipimo ni kile cha kesi ya Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010: ueleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kusiwe kupita kiasi, uonyeshe bidii na si uzembe, au uonyeshe jambo zito la kisheria kama uharamu, yaani uvunjaji wa sheria, katika uamuzi wenyewe. Na kesi ya Bushiri Hassan inasema hata siku moja lazima iwe na maelezo.

Kwa hiyo swali gumu kwenu si 6 Machi hadi 28 Aprili. Hicho kipindi kina barua yenye muhuri. Swali ni tarehe 28 Aprili hadi siku mtakayosajili. Jaji atauliza: nakala ulikuwa nazo mkononi, ulikuwa unafanya nini? Andikeni siku kwa siku: lini mlimpata mwandishi, lini mliapa kiapo, lini namba ya malipo ilitoka. Kila siku mnayoendelea kujadiliana ni siku nyingine ya kuelezea.

---

Bi_Masjala

Naongezea upande wa karatasi, maana maombi mengi mazuri yanaangukia hapo.

Hati ya kiapo ni ya ukweli tu. Usiweke hoja za kisheria, maoni wala maombi ndani yake. "Hukumu ni ya uonevu mkubwa" si ukweli wa kuapia. "Nilipokea nakala tarehe 28 Aprili, nakala ya stakabadhi imeambatishwa" ndiyo inayotakiwa.

Aya ya uthibitisho itenganishe unayoyajua mwenyewe na uliyoambiwa. Na ukiandika kwamba karani wa baraza alikwambia nakala hazijachapwa, karani huyo naye aape kiapo chake, vinginevyo ni maneno ya kusikia. Asipokubali kuapa, usimtegemee: tegemea barua ya maombi, barua za kukumbushia na tarehe iliyoandikwa kwenye nakala mlizogongewa muhuri.

Angalia sehemu ya uapisho mbele ya kamishna wa viapo: mahali na tarehe lazima viwepo. Tarehe ikiachwa wazi, mpinzani anaanza na hapo.

Usajili ni kwa mfumo wa kielektroniki. Nyaraka ikiwasilishwa kabla ya saa sita usiku inahesabiwa ya siku hiyo. Lakini kuna msimamo wa siku nyingi, wa kesi ya John Chuwa, kwamba shauri limesajiliwa siku ada ilipolipwa. Usijiweke katikati ya mabishano hayo: namba ya malipo ikitoka, lipa siku hiyo hiyo na utunze stakabadhi.

Nyaraka zinaweza kuwa za Kiswahili. Namba za vifungu zikagueni kwenye Toleo la 2023 la sheria, baadhi zimehama.

---

Hoja_ya_Pili

Wakili_Kanda, nadhani umemtisha mno. Kifungu cha 19(2) cha Sheria ya Ukomo kinaondoa kwenye hesabu muda uliohitajika kupata nakala ya tuzo. Mahakama ya Rufani kwenye Alex Senkoro dhidi ya Eliambuya Lyimo, Rufaa ya Madai Na. 16 ya 2017, ilisema muda huo unaondoka wenyewe bila kuomba, mradi tarehe zimethibitishwa kwenye kumbukumbu. Toa 6 Machi hadi 28 Aprili, huyu bwana bado ana siku nyingi tu mkononi.

---

Wakili_Kanda

Hoja ina nguvu, na nyaraka zake zinaibeba. Ila Senkoro ilihusu rufaa chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambako Amri ya XXXIX inalazimisha nakala ya tuzo kuambatishwa. Kifungu cha 41 cha Sura ya 216 chenyewe hakitaji nakala. Mjibu rufaa atasema hukuzihitaji ili kukata rufaa, basi hakuna cha kuondoa kwenye hesabu. Akishinda, rufaa inatupiliwa mbali. Maombi yanagharimu miezi kadhaa, lakini kosa la kuruka hatua hiyo linagharimu shamba. Mimi ningeomba muda, na hoja ya 19(2) ningeitumia humo humo kuonyesha hapakuwa na uzembe.

Kingine: msisahau sababu ya uharamu. Chukueni mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yote yaliyofanyika barazani), someni kurasa za mwisho kabla ya hukumu. Kanuni ya 19(2) ya Kanuni za Mabaraza za 2003 inataka wajumbe (wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza shauri) watoe maoni yao kwa maandishi, na Mahakama ya Rufani kwenye Tubone Mwambeta na Edina Adam Kibona ilisisitiza kwamba maoni hayo yasomwe wadaawa, yaani pande zote za shauri, wakiwepo. Mwenyekiti kuandika tu kwenye hukumu "wajumbe wamenishauri" hakutoshi. Mkikuta mwenendo unaruka kutoka kufunga utetezi kwenda "hukumu tarehe fulani" bila siku ya kusomwa maoni, hiyo itajeni waziwazi kwenye kiapo. Dosari ya namna hiyo inaonekana usoni pa kumbukumbu, na ndiyo inayomgusa jaji. Malalamiko kwamba ushahidi ulipimwa vibaya yabaki kwenye sababu za rufaa.

---

mkulima_wa_choroko

Asanteni sana. Na utekelezaji? Pia jirani ana shauri la mirathi lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, naye atumie njia hii?

---

Bi_Masjala

Rufaa haisimamishi utekelezaji, na maombi ya muda ndiyo kabisa. Ombeni zuio kando, kwa hati ya dharura, mkionyesha hasara kubwa itakayotokea, kwamba hamkukawia kuomba, na dhamana mnayoweza kutoa. "Tutaumia" haitoshi: taja mazao yaliyomo, nyumba, watu wanaoishi humo.

Jirani ni tofauti kabisa. Shauri la Mahakama ya Mwanzo likishapita Mahakama ya Wilaya, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 30, na waraka wa rufaa unawasilishwa kwenye ile Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Yenyewe ndiyo inayoupeleka juu pamoja na majalada. Wengi wanakimbilia masjala ya Mahakama Kuu moja kwa moja. Tena asisubiri nakala ya hukumu, rufaa hiyo haimlazimishi kuambatisha.

---

Wakili_Kanda

Jaji akiwapa muda, atataja idadi ya siku, tuseme 14, kuanzia siku ya uamuzi. Msisubiri nakala ya uamuzi huo, rufaa iingie wiki hiyo hiyo. Na mkipangiwa kujibu kwa hoja za maandishi, tarehe ya kuwasilisha ni sawa na tarehe ya kusikilizwa. Kuikosa ni sawa na kutofika mahakamani.