Nimehesabiwa vidole mbele za watu kwa sababu ya i7

Waungwana, ninaandika nikiwa bado ninatetemeka. Jina la huyu muuza kompyuta sitalitaja, kwa kuwa hakuna mkazi wa Dodoma aliyewahi kuharibikiwa na kompyuta asiyemfahamu mtu huyu: ni yule yule mwenye kaunta ya kioo kilichopasuka na kikombe cha kahawa kisichokauka.

Mwezi uliopita nilimpelekea kompyuta yangu ya mezani yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i5-7500, nikamwongezea shilingi 350,000 juu, naye akanikabidhi kompyuta mpakato yenye kibandiko cha i7 huku akiapa kwamba nimepanda daraja. Kazi yangu ni kutengeneza video za harusi. Video ambayo ile ya mezani ilikuwa ikiimaliza kabla sijarudi kutoka kula mchana, hii mpakato inaianza jioni na alfajiri ninaikuta bado inahema. Kwa mwendo huu maharusi wangu watapokea video yao siku wanayompeleka mtoto wa kwanza shule. Feni inanguruma kiasi kwamba jirani yangu hapa Nkuhungu ameniletea debe la uwele, akidhani nimefungua mashine ya kusaga.

Leo nikarudi kulalamika, tena kwa adabu. Mbele ya wateja wasiopungua sita, akiwemo mama mmoja ambaye ninasali naye kanisa moja, mtu huyu akaniuliza: "Mzee wangu, kati ya saba na tano, ipi kubwa?" Nikanyamaza. Akauliza tena, safari hii akihesabu kwa vidole, polepole, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea. Watu wakacheka. Mimi mwenye wajukuu nahesabiwa vidole!

Nilipofika nyumbani nikavaa miwani na kusoma maandishi madogo. Niliyopewa ni i7-7500U, toleo la mwaka 2016. Tarakimu ni zile zile, 7500 kwa 7500, lakini herufi U ya mwisho huwekwa kwenye prosesa za mpakato zilizoundwa kubana umeme: ina viini viwili, yaani vile vibarua vya ndani vinavyogawana kazi, na imepangiwa wati 15, ilhali i5 yangu ya mwaka 2017 ilikuwa na viini vinne na wati 65. Yaani nimetoa maksai wanne, nikaongeza fedha, ili nipewe wawili waliofungwa kengele. Halafu nikahesabiwa vidole.

Nimesahau kuwaeleza jambo moja. Wakati ananihesabia vidole, ile i5 yangu ilikuwa juu ya kaunta yake ikichakata video ya mteja mwingine. Ninaifahamu kwa doa la chai lililo ubavuni.

Zabibu Mbichi: Pole sana, mzee, lakini swali lake hujalijibu. Kati ya saba na tano, ipi kubwa?

Fundi Asiyelipwa: Shikamoo, mzee. Namba hizo za i5 na i7 hulinganishwa ndani ya ukoo mmoja, U kwa U, mezani kwa mezani. Ungepewa mpakato yenye i7-7700HQ ungepata viini vinne na wati 45, na uzi huu usingekuwepo. Kwa kuandika barua ungeiona tofauti kwa taabu, kwa sababu kiini kimoja cha hiyo mpakato hufika kasi ya gigahezi 3.5 na cha ile ya mezani 3.8, kazi ndefu ya video ndiyo inayoiumbua. Zaidi ya hapo, prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe, na ndani ya bodi nyembamba namna ile, feni ikishajaa vumbi letu la Dodoma, joto halina pa kutokea. Ifungue uisafishe.

Mwenye uzi: Shukrani, vumbi nitalitoa. Vile vidole nitavitoa na nini kichwani? Alianzia kidole gumba.

Tunda Lililong'atwa: Mnazionea mpakato bure. MacBook Air yenye prosesa ya M1, iliyotoka mwaka 2020, haina hata feni, na hiyo i5 mnayoililia inaachwa mbali.

Mwenye uzi: Na bei yake ni shilingi 350,000 na kompyuta chakavu?

Mtumishi wa Mtumba: Mimi niliwasikiliza watu kama ninyi nikanunua ya mezani. Umeme ulikatika nikiwa ukurasa wa 60 wa ripoti ambayo sikuwa nimeihifadhi. Mpakato, hata iwe na kiini kimoja na nusu, ina betri.

Binti wa Kondoa: Heri yenu. Mimi niliuziwa flashi ya terabaiti 2 kwa shilingi 15,000, ikameza picha zote za ubarikio wa mdogo wangu na haikurudisha hata moja. Kaunta ni hiyo hiyo yenye kioo kilichopasuka.

Zabibu Mbichi: Terabaiti 2 kwa 15,000, nawe ukalipa? Mzee, sogea kidogo, umepata mwenzako wa kuhesabiwa vidole.

Mgeni Ilazo: Samahani kwa kuingilia mazungumzo. Nina video ya sendofu inayotakiwa Jumamosi. Ile mashine yenye doa la chai, anatoza shilingi ngapi kwa video moja?