MREJESHO: Filamu ya bendi ya dansi Kariakoo, sauti imepona, ukuta umepotea

Wakuu, nimerudi. Niliomba msaada wa kurekodi onyesho la wazee wetu wa dansi hapa Kariakoo. Video za simu zilikuwa zinavuma besi tu, mwimbaji hasikiki. Tulitaka pia kuionyesha filamu mtaani bure.

Mliosema tuachane na maiki ya kamera, Mungu awabariki. Kinasa sauti kimoja tulikichomeka kwenye miksa, kingine tukakiweka mbele ya jukwaa, maana tarumbeta na tumba hazikuwa na maiki, na miksa peke yake ingeziacha nje. Kabla ya kila wimbo mmoja wetu alipiga kofi mbele ya kamera. Kwenye kuhariri ukilinganisha hilo kofi la kwenye picha na la kwenye sauti, kazi imeisha. Sasa gitaa la solo na la ridhim unayatofautisha kabisa, hadi mzee wa besi kacheka kujisikia.

Barua ya serikali ya mtaa nayo ilisaidia, mwenyekiti hakutusumbua.

Maonyesho ndiyo yamekwenda nusunusu. Ile nyumba ya Kiswahili ambayo ukuta wake ungekuwa skrini imezungushiwa mabati, inapanda ghorofa. Tulihamia uani kwa jirani, shuka na projekta, watu wakabanana. Wapangaji wa zamani walishahamia Mbagala na Chanika, wengi hawakufika.

Nyimbo mbili tumeziondoa kwenye filamu, maana warithi wa mtunzi bado hawajakubaliana. Kila mwanamuziki kapewa flashi yake. Asanteni sana.