1974 ya Katanga yetu ya kubuni imejaa takataka za Kinshasa. Nani atasafisha?

Wasimamizi, na ninyi mnaojaza ukurasa wa starehe za 1974, nimeusoma wote na uvumilivu umeniishia. Sharti letu lilikuwa moja: mwisho wa Desemba 1962 askari wa Umoja wa Mataifa hawasongi mbele, Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo la shaba lililojitenga na Kongo, habanduki Élisabethville (Lubumbashi ya baadaye), Katanga hairudi Kongo. Basi. Sasa mtu aniambie, katika dunia hiyo abacost, ile suti isiyo na tai ya Mobutu, imeingiaje mjini? Imeshonwa kwa amri ya nani?

Mmebadili bendera mkaacha kila kilicho chini yake. Majina ya Kikristo yalifutwa na Mobutu 1972. Zaire ni jina la 27 Oktoba 1971. Jina la Lubumbashi liliwekwa na serikali ya Kinshasa 1966, na Shaba kama jina la jimbo lilikuja na mambo hayohayo ya authenticité, siasa ya Mobutu ya kurudisha majina na mavazi ya Kiafrika. Lakini kwenu rais ni Tshombe, na mpiga gitaa bado ni "Mwenda wa Bayeke wa Likasi". Huyo ni Jean-Bosco Mwenda wa Jadotville, jina la zamani la Likasi, andikeni hivyo. Mishahara mnasema inatoka Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, wakati Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia, ilitaifishwa 1967 na serikali ambayo kwenu haina hata ofisi hapa. Tiketi ya sinema mmeiuza kwa makuta, fedha iliyozaliwa 1967 pamoja na zaire. Katanga ilikuwa na franka yake tayari: sarafu za 1961 zina ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Picha zake zimejaa mtandaoni, hamkutazama.

Tuje kwenye mpira, maana hapo ndipo mmeharibu kuliko kote. Mmeandika kwamba timu ya Katanga ilitwaa Kombe la Afrika Machi 1974 huko Misri. Misri! Oktoba 1964 Tshombe alifika Cairo akiwa waziri mkuu wa Kongo nzima, na bado alizuiwa asiingie kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana. Huyohuyo akiwa kiongozi wa jimbo lililojitenga, ambalo hakuna nchi hata moja iliyolitambua rasmi, vijana wake wangepewa viza na nani? Bila kukubaliwa na shirikisho la Afrika hakuna Kombe la Afrika, na TP Englebert (Mazembe ya baadaye) hawachukui ubingwa wa klabu wa 1967 wala wa 1968. Najua inauma. Mashabiki wa Lupopo, mahasimu wao wa mjini, acheni kucheka, hata ninyi mnabaki na ligi ya mitaa na mechi za kirafiki upande wa Ndola na Kitwe, Zambia.

Na upande wa pili wa mpaka, ule wa Kongo, mmeusahau kabisa. Kikosi cha Zaire kilichokwenda Kombe la Dunia la 1974 Ujerumani Magharibi kilisimama juu ya watu wa Mazembe: Kazadi golini, Bwanga Tshimen nyuma, Mwepu Ilunga pembeni. Waondoe hao. Ndaye Mulamba wa Vita Club anabaki, na mabao yake tisa ya Misri yalikuwa yake kweli, lakini mabao hayalindi lango. Inawezekana Léopoldville (Kinshasa kwa jina la zamani) haifuzu hata kidogo. Basi hakuna 2-0 ya Scotland, hakuna 9-0 ya Yugoslavia, na tarehe 22 Juni hakuna Mwepu anayechomoka kwenye ukuta kubutua mpira wa adhabu wa Brazil. Ninyi mmeiacha picha hiyo ukutani mwa kila baa ya Kamalondo, mtaa wetu!

Pambano la ndondi la Ali na Foreman nalo mmeliacha Kinshasa, 30 Oktoba, kama lilivyo. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5. Mobutu alitaka dunia iitazame nchi yake, na nchi hiyo fedha zake za kigeni zilikuwa zikitoka kwanza kwenye shaba ya hapa. Ondoa shaba, uone kama kuna wa kutia saini. Tena mmeandika watu wa Élisabethville walisikiliza redio saa 10 alfajiri. Saa 10 ni ya Kinshasa, hapa ni saa 11. Hata kosa lenu lina kosa ndani yake. Tamasha la Septemba, lile la James Brown, B.B. King na Miriam Makeba, liliandaliwa kwa ajili ya pambano hilo. Likianguka moja, la pili halisimami.

Muziki ndio ungewapa kazi tamu, nanyi mmeupita kwa mistari miwili. Jiulizeni Kilingala kiliingiaje hapa: santuri na redio za Léopoldville, kisha jeshi. Katika 1974 yetu jandarme wa Katanga anatoa amri kwa Kiswahili na Kifaransa, na santuri kutoka ng'ambo ni za magendo. Wimbo mrefu wa rumba hukatwa katikati kwenye santuri ya mizunguko 45, nusu ya kwanza upande A, sebene, sehemu ya magitaa ya kuchezea, upande B. Santuri ikipita mikono kumi ya magendo, upande B ndio unaokwaruzika kwanza, maana ndio unaochezwa. Wakati huohuo gitaa kavu la kidole gumba na cha shahada, la Mwenda na Edouard Masengo, halisukumwi pembeni upesi na bendi za umeme za Kinshasa. Hiyo ndiyo sura ya kuandika.

Tablo pia, yaani michoro ya kutundika ukutani. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya Zaire hapahapa mjini 1973 na 1974, juu ya turubai za magunia ya unga. Mamba Muntu, yule nguva wa michoroni, sawa, atabaki sebuleni. Lakini "Colonie Belge", ile ya mfungwa anachapwa chini ya bendera ya Ubelgiji? Katika Katanga yenye washauri Wabelgiji hadi leo, tablo hiyo haichori zamani, inachora jirani. Mchoraji anaiuza kwa kificho au haichori. Ninyi mmeitundika ofisini kwa gavana.

Bia ya Simba, bukari (ugali) na sombe (kisamvu) haviulizi bendera, viacheni.

Kabla ya kuingiza kitu kipya, tafuta tarehe ya amri yake. Ikiwa ni baada ya Januari 1963 na imetoka Léopoldville, kifute. Kama hakikuamriwa na mtu, fuata pesa, kisha ufuate njia kilichopitia. Na Mobutu mwenyewe msimchukulie kama mvua: alipindua Novemba 1965 baada ya Rais Kasavubu kumfukuza Tshombe uwaziri mkuu mwezi Oktoba. Kwetu Tshombe hakwenda kule. Mnamtaka Mobutu? Mtafutieni sababu nyingine kwanza. Bei ya shaba yenyewe, iliyopanda hadi Aprili 1974 kisha ikaporomoka zaidi ya nusu kabla ya mwaka kwisha, inaamuliwa London, kwa hiyo inabaki. Noeli yenu ya vifijo na suti mpya haina pesa.

JIBU: Mukubwa, uko na haki. Lakini na weye unasahabu kitu. Baluba ba Kasai na ba kaskazini, benyi balikimbia Tshombe, unabaweka wapi? 1961 kambi ya hapa mu mji ilikuwa na makumi ya maelfu ya bantu. Bachezaji benyi na bachoraji benyi bangeenda ngambo.

MWENYE UZI: Hapo umenipata. Basi Englebert yenyewe inapungua, na Léopoldville inaweza kupata kipa. Naufungua upya mstari wa kikosi leo usiku. Asiguse mtu mwingine.